Namna ya kutambua chupa kuukuu ya soda iliyotoka ardhini na kukadiria umri wake

Chupa ya soda ikifukuliwa, kitu cha kwanza watu wanachokitafuta ni jina. Wakishalisoma huenda mtandaoni, wakakuta kampuni ilianzishwa mwaka 1868, basi chupa nayo inatangazwa kuwa ya 1868. Kampuni moja inaweza kudumu miaka sabini na katika muda huo ikabadilisha chupa mara nyingi, kwa hiyo mwaka wa kuanzishwa kwake unakuambia kidogo sana. Anza na kioo chenyewe: kilipulizwa vipi, mdomo wake ulitengenezwa vipi, kilifungwa kwa kizibo gani. Jina lisubiri. Kazi yake ni kupunguza miaka ambayo kioo kimeshakupa.

Jambo la pili la kukubali mapema: chupa nyingi hazitakupa mwaka mmoja. Zitakupa kipindi, kwa mfano kati ya 1895 na 1915, na kipindi cha miaka ishirini kilichothibitishwa kina faida kuliko mwaka mmoja wa kubahatisha.

Kabla ya kuing'oa

Omba ruhusa ya mwenye ardhi. Halafu uliza sheria ya nchi inasemaje kuhusu vitu vya kale vilivyo ardhini, maana kwingine kuchimba bila kibali ni kosa hata ukiwa kwenye kiwanja chako. Ukiona misingi ya jengo, makaburi au vyungu vilivyopangwa, acha kuchimba na utoe taarifa kwa idara inayohusika na mambo ya kale.

Chupa nyingi za zamani hutoka kwenye majalala na vyoo vya shimo vilivyofukiwa. Udongo wa sehemu hizo ni laini na kuta za shimo huporomoka bila onyo, basi usichimbe kwa kuingia chini ya ukingo kama panya, hata kama kitako cha chupa kinang'aa mbele yako. Vaa glavu nene na viatu vigumu. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na muda. Chupa ikiwa imezibwa na ina kimiminika ndani, usiifungue wala usiinuse: watu wa zamani walitupa dawa za wadudu na sumu za panya pamoja na chupa za vinywaji, na wengine walizihifadhi humo humo.

Usiitenge chupa na majirani zake kabla hujaandika. Ilikuwa kina gani? Ilikuwa pamoja na nini: sarafu, vipande vya sahani, vifungo, plastiki? Kanuni inayotumiwa na wanaakiolojia ni rahisi: tabaka la udongo ambalo halijavurugwa haliwezi kuwa la kale kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake. Sarafu ya 1921 chini ya chupa yako inamaanisha chupa ilifukiwa 1921 au baada ya hapo. Piga picha kitu kikiwa bado udongoni, huku rula ikiwa kando yake.

Kuiosha bila kuiharibu

Kioo kilichokaa ardhini miaka mingi hakipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Maji ya moto kwenye chupa baridi yanaweza kuipasua mkononi. Ilowe katika maji vuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa siku moja au mbili, ubadilishe maji yakichafuka, kisha tumia brashi laini ya chupa. Madoa meupe ya chokaa hulainika kwa siki. Kutu ngumu huondolewa na asidi oksaliki, lakini hiyo ni sumu. Ukiitumia, vaa glavu na fanya kazi mahali penye hewa. Waya wa kusugulia sufuria uuache jikoni.

Kama chupa ina maandishi ya rangi yaliyochomwa juu ya kioo, usiilowe kwenye asidi yoyote, hata siki, kwa sababu rangi inaweza kufifia. Maji na sabuni vinatosha.

Ule mng'ao wa rangi nyingi, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, ni ugonjwa wa kioo. Unyevu wa ardhini huzinyonya chumvi zilizo usoni mwa kioo na kuacha maganda membamba yanayotawanya mwanga. Hautoki kwa sabuni, na ukiulazimisha unabandua uso wa kioo. Tena usiutumie kukadiria umri. Kasi yake inategemea udongo: chupa ya miongo michache kwenye udongo wenye maji maji inaweza kuonekana mgonjwa kuliko ya karne nzima iliyolala kwenye mchanga mkavu.

Kwanza, je, ni ya soda kweli?

Soda ina gesi na gesi inasukuma. Kwa hiyo chupa ya soda ni nene, nzito kwa ukubwa wake, karibu kila mara ya mviringo, na mdomo wake umeimarishwa ili ubebe kizibo kilichobanwa. Chupa nyembamba ya pembe nne yenye bapa za kubandikia karatasi ni ya dawa au sosi. Chupa ya buluu iliyokoza yenye mistari ya kukwaruza kwa kidole mara nyingi ilikuwa ya sumu, na ile mistari iliwekwa makusudi ili mtu aitambue gizani. Kama imeandikwa kwa Kiingereza kwamba sheria ya shirikisho inakataza kuuzwa au kutumiwa tena kwa chupa, hiyo ni ya pombe kali ya Marekani, ya kati ya miaka ya 1930 na 1960. Bia ndiyo inayochanganya zaidi, maana viwanda vingi viliuza bia na soda kwa chupa zinazofanana. Ukubwa husaidia kidogo, rangi ya kahawia huelekeza kwenye bia, ila uamuzi wa mwisho hutoka kwenye maandishi.

Hatua ya kwanza: mdomo na kizibo

Hapa ndipo chupa ya soda inapozidi chupa nyingine zote kwa kusema. Wavumbuzi wa karne ya 19 walihangaika kuizuia gesi isitoroke, na kila suluhisho liliacha umbo lake kwenye kioo. Kizibo chenyewe kinaweza kuwa kimeoza, lakini mdomo bado utakuonyesha ulijengwa kwa ajili ya kizibo gani.

Za kale zaidi zilizibwa kwa gome laini la mti (koki) lililofungwa kwa waya au kamba. Jamii moja yao ni zile zenye kitako cha duara au kilichochongoka kama yai, zisizoweza kusimama. Zililazwa ubavu ili kizibo kibaki kimelowa na kisikauke, maana kikikauka husinyaa na gesi hupenya. Umbo hilo lilianza miaka ya mwanzo ya karne ya 19 na zile za kitako cha duara ziliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20, hasa kwa soda ya tangawizi kutoka Belfast na miji ya Uingereza. Umbo peke yake, basi, linakupa zaidi ya miaka themanini. Itabidi mshono na kitako vikupunguzie.

Ndugu zake wanaosimama wana mdomo mnene uliojaa, kama pete nono ya kioo. Huo ulitumika kuanzia takriban miaka ya 1840 hadi miaka ya 1910. Ukiona alama za waya shingoni, au vishimo viwili vya kushikia waya, huenda chupa ilitumia kizibo cha kufyatua cha Charles de Quillfeldt, kilichopewa hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1875: kizibo chenye mpira, kinachobanwa na waya.

Kisha kuna chupa ya gololi. Hiram Codd, Mwingereza, alipata hataza yake maarufu mwaka 1872. Shingo imebanwa ili kufanya chumba, ndani yake kuna gololi ya kioo, na mdomoni kuna mfereji wa ndani uliobeba pete ya mpira. Chupa ikijazwa kichwa chini, gesi huisukuma gololi dhidi ya mpira na kuziba. Mnywaji aliisukuma gololi ndani, na vile vibonyeo viwili vya shingoni viliishika isirudi mdomoni wakati wa kumimina. Chupa hizi zilienea sana Uingereza na popote Waingereza walipopeleka biashara zao. Nyingi utazikuta zimevunjwa shingo, na mwenye kosa anajulikana: watoto waliitaka gololi. Ukiipata nzima, hiyo ni bahati, lakini angalia vizuri kabla ya kushangilia. Japani bado inauza soda kwenye chupa za gololi hadi leo, na India pia haijaziacha.

Mwaka 1879 ulileta vizibo viwili vya kukumbukwa. Nchini Marekani, Charles Hutchinson wa Chicago alipata hataza ya kizibo cha springi: waya wenye kitanzi unaotokeza nje, na chini yake kipande cha mpira kilicho ndani ya shingo. Chupa yake ni fupi ya shingo, ina mdomo mnene, na mara nyingine waya wenye kutu bado umo ndani. Ilitumika sana miaka ya 1880 hadi takriban 1910. Uingereza nako, Henry Barrett alipata hataza ya kizibo cha skrubu kinachoingia ndani ya mdomo. Ingiza kidole kwenye mdomo: ukihisi nyuzi za skrubu kwa ndani, umepata ukoo huo, ambao uliendelea hadi baada ya Vita Kuu ya Pili.

Halafu kizibo cha bati. William Painter wa Baltimore alikipatia hataza tarehe 2 Februari 1892, na ndicho hiki hiki tunachokifungua leo. Mdomo wake ni mwembamba, wenye ukingo wa duara unaokamatwa na meno ya bati. Kwa hiyo mdomo wa aina hii hauwezi kuwa wa kabla ya 1892, na hilo ni mojawapo ya mambo machache ya uhakika kabisa katika kazi hii. Kizibo kikiwa bado kimeng'ang'ania, hesabu meno kama kutu inaruhusu: vya mwanzo vilikuwa na meno 24, vya sasa vina 21. Ndani yake, kipande cha gome huashiria zamani. Plastiki ilishika nafasi yake kuanzia miaka ya 1960.

Hatua ya pili: fuata mshono

Chukua taa yenye mwanga mkali, ilaze pembeni ya chupa ili mwanga ukwaruze uso wa kioo, kisha uzungushe chupa polepole. Utauona mshono, ule mstari mwembamba ulioinuka pale nusu mbili za kalibu, yaani chombo kinachoipa chupa umbo, zilipokutana. Ufuate kwa ukucha kutoka kitakoni kwenda juu. Swali ni moja: unaishia wapi?

Mshono ukipanda shingo na kukatika ghafla chini ya mdomo, na mdomo ukaonekana kama umebandikwa, huenda kioo cha mdomo kimechuruzika kidogo juu ya shingo, hapo mpulizaji aliongeza ukanda wa kioo cha moto baada ya chupa kutoka kwenye kalibu. Ukucha utakwama kwenye kingo. Kwa soda, mdomo wa kubandikwa unakaa zaidi kabla ya miaka ya 1890.

Mshono ukififia taratibu kabla ya kufika mdomoni, na badala yake kuna mistari myembamba ya kuzunguka shingo, mdomo ulichomwa moto tena na kusokotwa kwa koleo maalumu lililofuta mshono. Hizo ni za takriban miaka ya 1880 hadi miaka ya 1910, na viwanda vidogo viliendelea nazo hata miaka ya 1920.

Mshono ukipita mdomoni mzima hadi juu, chupa ni ya mashine. Michael Owens alifanikisha mashine ya kujiendesha yenyewe mwaka 1903 huko Toledo, Ohio, akapata hataza 1904, na ndani ya miaka ishirini mashine zilikuwa zimewasukuma wapulizaji kando. Lakini chupa nyingi za mashine zilipigwa moto mdomoni ili kulainisha ukali, na mshono wa juu ukafutika. Tafuta basi mstari wa mlalo unaozunguka shingo chini kidogo ya mdomo. Huo ndio mpaka wa kalibu ya mdomo, na ni ushahidi mzuri wa mashine. Aidha, mashine mara nyingi huacha mshono wa pili uliopinda pinda, hafifu, karibu na ule mkuu: kivuli cha kalibu ya kwanza iliyoanza kulipa donge la kioo cha moto umbo.

Angalizo moja: Uingereza ilikuwa na mashine za nusu-otomatiki tangu miaka ya 1880, kwa hiyo usiuchukue mwaka 1903 kama ukuta usiopitika kwa kila nchi.

Tukiwa hapa, kuna imani mbili zinazorudiwa sana. Ya kwanza ni kwamba viputo vingi ndani ya kioo ni dalili ya ukale. Viputo ni dalili ya kioo kilichopikwa kwa haraka au kwa moto mdogo, na hilo lilitokea hata karne ya 20. Ya pili ni kwamba mawimbi na mikunjo usoni, kama ubao uliochongwa kwa kisu, yanatokana na kalibu za mbao. Yanatokana na kalibu za chuma zilizokuwa baridi: donge la moto lilipogusa chuma baridi, uso uliganda vibaya. Kundi la kwanza la asubuhi lilitoka hivyo mara kwa mara.

Vinundu vidogo sana, kama ncha ya sindano, vilivyopangwa begani au kitakoni ni matundu ya kutolea hewa kwenye kalibu. Chupa ya kupulizwa kwa mdomo yenye vinundu hivyo kwa kawaida ni ya miaka ya 1880 au baadaye.

Hatua ya tatu: geuza, tazama kitako

Kitako kinaweza kukupa miaka mingi kwa mtazamo mmoja. Kovu la kioo lenye ncha kali katikati, au duara lenye mabaki mekundu meusi kama kutu, ni mahali fimbo ya chuma iliposhika chupa wakati mdomo unatengenezwa. Kwenye soda za Marekani, kovu la chuma ni la takriban miaka ya 1840 hadi 1860. Baada ya hapo mafundi walitumia kibanio kilichoshika chupa kwa nje bila kuacha kovu, na vitako vikawa laini.

Duara kubwa lisilo katikati, lenye kingo zilizochanika chanika kama unyoya, ni kovu la mashine ya Owens: mashine ilinyonya kioo kutoka tanuruni na kisu kikakata. Ukiliona, chupa ni ya baada ya 1903, mara nyingi kati ya miaka ya 1910 na ya 1940.

Vitone vidogo vingi vinavyokwaruza kitakoni, kama ngozi ya mamba, vilianza kuenea kwa soda za Marekani mwaka 1940. Kampuni ya Owens-Illinois ilivitumia pamoja na neno "Duraglas" kwa mwandiko wa mkono, nalo lilianza mwaka huo huo. Kitako chenye neno hilo hakihitaji mjadala mrefu.

Kampuni hiyo ilizaliwa 1929 kwa kuungana kwa kampuni mbili za kioo, na alama yake ni almasi iliyopitiwa na duara la yai, na herufi I katikati. Kushoto kwa alama kuna namba ya kiwanda. Kulia kuna mwaka. Chini kuna namba ya kalibu. Ukisoma 46 upande wa kulia, ni 1946. Tatizo ni tarakimu moja: 4 ni 1934 au 1944? Baadhi ya chupa za miaka ya 1940 ziliwekewa nukta baada ya tarakimu ili kuzitofautisha, lakini nukta huchakaa. Tazama vitone vya kitakoni: vikiwepo, 1934 haiwezekani, basi ni 1944. Katikati ya miaka ya 1950 almasi iliondolewa, ikabaki I ndani ya duara. Makampuni mengine yana alama zao na si zote zinabeba mwaka, kwa hiyo usiichukue kila namba ya kitakoni kuwa tarehe. Nyingi ni namba za kalibu tu.

Tazama pia mkwaruzo wa matumizi. Chupa za soda zilirudishwa dukani, zikaoshwa, zikajazwa tena. Kitako na bega vilivyopauka kwa michubuko, pale chupa zilipogongana kwenye kreti, vinaonyesha chupa iliyozunguka miaka kabla ya kutupwa. Hapo mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kuzikwa vinaachana.

Hatua ya nne: rangi, kwa tahadhari

Rangi hudanganya kuliko kitu kingine chochote. Buluu-kijani hafifu ni rangi ya asili ya kioo chenye chuma ndani ya mchanga wake, na ilitumika karne nzima. Kahawia, kijani na buluu nzito nazo hazina mwaka.

Palipo na faida ni kwenye kioo kisicho na rangi. Kati ya takriban miaka ya 1880 na mwisho wa miaka ya 1910, watengenezaji walitumia madini ya manganizi kuondoa ukijani. Kioo hicho kikikaa juani miaka mingi hugeuka zambarau. Kuanzia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vya Marekani vilihamia seleni na aseniki, ambazo huacha umanjano kidogo. Sasa zingatia: jua halifiki ardhini. Chupa yako ya manganizi itatoka shimoni ikiwa haina rangi, na taa ya UV gizani inaweza kukuonyesha mng'ao hafifu wa kijani ambao jicho halingeuona. Zambarau iliyokoza sana kwenye meza ya muuzaji mara nyingi imepikwa kwa mionzi ya kutengenezwa, na mkusanyaji makini hailipii zaidi kwa ajili hiyo.

Hatua ya tano: soma maandishi, sasa ndiyo

Maandishi yaliyoinuka yakifungwa ndani ya duara au umbo la yai, kuna uwezekano mkubwa bamba lilichomekwa ndani ya kalibu ya kawaida. Kiwanda cha kioo kilikuwa na kalibu moja, na kila mwenye duka dogo la soda alinunua bamba lenye jina lake. Mtindo huo ulitawala kati ya takriban miaka ya 1860 na ya 1910.

Maandishi ya rangi yaliyochomwa juu ya kioo ni jambo jingine: yaliingia kwenye soda katikati ya miaka ya 1930. Rangi moja au mbili zilitangulia.

Kisha kuna maneno ambayo sheria iliyalazimisha au kuyaruhusu, na hayo ni vipimo bora kuliko majina. Chupa ya Uingereza yenye "Trade Mark" ni ya 1876 au baadaye, maana usajili wa alama za biashara ulianza mwaka huo. "Rd No" (namba ya usajili wa umbo) na namba ni ya 1884 au baadaye. Chupa ya Marekani inayotaja ujazo kwa aunsi kwa kawaida ni ya baada ya 1913, wakati marekebisho ya sheria ya vyakula yalipotaka ujazo uandikwe. Alama ya R ndani ya duara ni ya baada ya 1946.

Coca-Cola inastahili aya yake kwa sababu ndiyo inayopatikana na ndiyo inayokosewa. Chupa ya kiuno ilibuniwa na Root Glass Company ya Terre Haute, Indiana, hataza yake ikatolewa tarehe 16 Novemba 1915. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye kioo, na wauzaji wengi huitaja kana kwamba chupa ilitengenezwa siku hiyo. Tarehe ya hataza hurudiwa miaka na miaka. Chupa zenye tarehe ya 1915 ziliendelea kutoka hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1920. Zikafuatwa na zile zinazotaja 25 Desemba 1923, ambazo wakusanyaji huziita za Krismasi na ambazo zilitengenezwa hadi takriban 1937. Kisha zile zenye "D-105529", namba ya hataza ya umbo, kati ya 1938 na 1951 hivi. Coca-Cola yenye ubavu ulionyooka, bila kiuno, na jina kwa mwandiko wa kupinda kwa kawaida ni ya kabla ya hizo. Mji ulioandikwa kitakoni ni wa kiwanda kilichojaza soda, si lazima uwe wa kiwanda cha kioo.

Hatua ya sita: weka ushahidi pamoja

Tuseme umeshika chupa ya buluu-kijani hafifu. Mdomo ni wa kizibo cha bati. Mshono unafifia sentimita moja chini ya mdomo, shingo ina mistari ya kuzunguka. Begani kuna vinundu vitatu vya hewa. Tumboni kuna jina na mji wa Marekani ndani ya duara. Kitako ni laini, hakuna kovu. Ujazo haujatajwa.

Mdomo unasema: 1892 au baadaye. Mshono unasema: kabla ya takriban 1920. Vinundu na bamba havipingi. Kukosekana kwa ujazo kunavuta kuelekea kabla ya 1914, lakini kitu kisichoandikwa ni shahidi dhaifu, kwa hiyo kipe uzito mdogo. Takriban 1895 hadi 1915. Sasa ndipo jina linapofanya kazi: vitabu vya zamani vya anwani za mji na magazeti ya wakati huo vikionyesha kwamba kampuni iliongeza "na Wanawe" kwenye jina mwaka 1908, na chupa yako haina maneno hayo, umebakiza miaka kumi na kitu.

Dalili zikigongana, ile mpya ndiyo inayoshinda. Chupa yenye umbo la 1880 na maandishi ya rangi yaliyochomwa ni ya miaka ya 1930 au baadaye, au ni ya kuigiza, na chupa za kuigiza zipo. Nyingi hujifichua kwa mshono wa mashine unaopita mdomoni kwenye umbo ambalo lilipaswa kupulizwa kwa mdomo, kwa kitako kisicho na mchubuko hata mmoja, na kwa maandishi yaliyo laini kama sabuni iliyotumika. Chupa ya gololi yenye mshono wa mashine na kifuniko cha plastiki ni ya juzi.

Ukimaliza, andika kwenye kikaratasi kinachokaa na chupa: mahali na kina ulipoipata, vitu ilivyokuwa navyo, aina ya mdomo, mshono unapoishia, alama za kitakoni kama zilivyo bila kuzitafsiri, kisha kipindi ulichokadiria na sababu zake. Usibandike gundi kwenye kioo kinachobanduka. Kikaratasi kifungwe shingoni kwa uzi wa pamba, na namba yake ilingane na picha uliyopiga chupa ikiwa bado ardhini.